Kiti cha Hawa

Kasongo, tarehe 14 Novemba 2021

Yaya Hawa, dada yangu mukubwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji Mugisho, na kwa Blaise wangu mwenye mashavu. Barua hii inakuja na Fabrice, yule motari wa pikipiki anayepanda Lusangi kila siku ya soko. Akupe na kaye zangu, madaftari ya masomo. Nimezifunga ndani ya plastiki juu ya mvua, na akikuambia zimelowa, ni yeye amezikalia.

Nilifika salama. Baba alinisindikiza mwenyewe mpaka Kasongo, akaniombea dua mbele ya mulango wa Institut ya wazalishaji, watu wanapita wanatutazama. Akarudilia maneno yake yale yale: shamba likiachwa mwaka mumoja, majani yanalichukua, mudogo alime, mukubwa akipona atalikuta safi. Mama naye alinitilia rozari chini ya nguo, Baba asione. Kwa hiyo niko na ulinzi wa pande zote mbili.

Sasa sikia aibu yangu. Siku ya kwanza walisoma majina. Wakaita Hawa Assani. Wakaita tena. Na mimi niko natazama mulango, nangoja uingie! Musichana anayekaa pembeni yangu, anaitwa Sarah-Grâce, alikuwa ameona jina kwenye karatasi yangu, akanichoma kiwiko. Nikaitika nimechelewa, kalasi nzima ikacheka. Sasa nimeanza kuzoea.

Usiwe na wasiwasi, yaya. Mapatano yetu nayakumbuka vizuri. Wewe njo ulipasi mutihani wa Leta, ule wa serikali wa kumaliza sekondari, ukapata diploma, mimi nilianguka. Lakini wewe unanyonyesha, na kiti cha Institut hakingojei mutu. Basi mwaka huu wa kwanza nakushikia kiti kwa jina lako na diploma yako. Blaise akiacha ziwa, unakuja kuendelea na mwaka wa pili, na mimi narudi nyumbani Wamaza kufanya tena mutihani kwa jina langu. Nani atajua? Hata Mama anatuchanganya akituona kwa mugongo. Kila kitu wanachotufunza nitakuandikia neno kwa neno, usipungukiwe.

Kazi ya kuzalisha tunajifunza bila vyombo. Profesa alikata bidon, dumu la mafuta, akaingiza mutoto wa nguo ndani, akatuonyesha namna kichwa kinageuka kikitoka. Anayecheka anatolewa inje. Mimi nilitolewa inje.

Mudogo wako,
Falone
(hapa Kasongo: Hawa!)


Kambi ya machimbo, Lusangi, tarehe 20 Januari 2022

Falone wewe,

Kwanza nikugombeze, kisha nikusalimu. Ulicheka mbele ya profesa kwa jina langu? Ukitaka kucheka, cheka kwa jina lako. Jina langu kule linakaa mbele, linaandika, linanyamaza. Tena usilitembeze kwa vijana wa Kasongo. Nikija nisikute bwana mutu ananiita mupenzi njiani na simujui.

Haya, salamu. Sisi ni wazima. Blaise anasimama akishika sufuria, na sufuria zenyewe ni zangu za kazi, kwa hiyo tunagombana kutwa. Napikia wachimbaji bugali na sombe ya majani ya muhogo, na Mugisho anashuka shimoni. Network hapa hakuna. Simu tunasikilizia muziki. Hakuna anayenijua kwa jina. Ni Mama Blaise, Mama Blaise tu. Hata Mugisho siku hizi ananiita hivyo, amesahau alinioa nikiitwa nani.

Kaye zako zimefika, na hazikulowa. Nasoma nikimaliza kuosha vyombo. Mifupa ya nyonga naijua yote. Ile ya bidon nami nimefanya: nimekata bidon ya maji ya Mugisho, nikaingiza kitambaa. Wachimbaji wawili wakanikuta navuta mutoto wa nguo, nasema "polepole mama, usisukume bado". Wakaenda kumuambia Mugisho muke wake amerogwa. Alirudi mbio.

Wacha nikuambie kitu, ujue sichezi. Blaise nilimuzaa hapa hapa kambini, na bibi mumoja aliyekuwa anaomba Mungu kuliko kunishika. Damu ilitoka mpaka nikaanza kusikia watu kwa mbali. Nilijiapia kwamba nikitoka muzima, hii kazi nitaijua kwa mikono yangu, na mwanamuke wa kambi hii hatazaa tena hivyo. Njo maana nilikubali neno la Baba, nikakuachia jina. Si juu ya kuvaa bulauzi nyeupe ya munganga.

Andika sana. Kula. Usimusahau Mungu, yule wa Baba na yule wa Mama.

Yaya wako,
Hawa


Kasongo, tarehe 6 Juni 2022

Yaya,

Naandika haraka, Fabrice ananipigia honi. Profesa wa anatomia alitoka Bukavu, akatufunza kozi ya mwaka muzima kwa juma moja, juu tiketi yake ya kurudi ilikuwa imekatwa tayari. Alikuwa anasoma, sisi tunaandika mpaka vidole vinavimba. Ukimuuliza swali anakuambia utalielewa ukirudi nyumbani. Wengine tunawangojea tangu Pasaka, na hapa hakuna profesa wa kukaa. Wote ni wa kupita.

Tumeanza staji, mazoezi ya kazi, hospitalini. Mama Chimène, muzalishaji mukubwa, ni mukali, lakini anafunza kuliko wale wa ndege. Juzi alinishika mikono yangu, akaiweka chini ya mikono yake, na mutoto akatokea mikononi mwetu. Wa kweli, yaya. Nilijaribu kukuandikia ilikuwa namna gani. Niliandika, nikapasua. Nikaandika tena, nikapasua. Hii sijui namna ya kuitia kwenye kaye.

Mama Chimène alisema niko na mikono ya kazi. Sikulala kwa furaha.

Mutihani wa Leta sitaenda kuufanya mwaka huu, unaangukia siku za staji. Nitafanya mwaka ujao.

Falone


Lusangi, tarehe 18 Septemba 2022

Mudogo wangu,

Blaise ameacha ziwa! Nilipaka pilipili, akalia, akanipiga kofi, kisha akaomba bugali. Ndiyo hivyo, amekuwa mwanaume.

Niko tayari. Dada yake Mugisho ametoka Bukavu kuja kuangalia mutoto na sufuria. Mugisho alikunja uso kidogo, akasema muke akisoma anaruka. Nikamuambia niruke niende wapi, na wewe uko na mutoto wangu? Akacheka, akakubali. Nimeshona nguo moja ya kitenge ya kuendea kalasi.

Kaye zote nimezimaliza, hata zile za mwisho ambazo uliandika vibaya vibaya. Sema tu siku gani mwaka wa pili unaanza, nipande. Na wewe jitayarishe kurudi Wamaza, Mama anakungojea kwa mupunga.

Aksanti, Falone. Sikuwa nimekuambia. Aksanti kwa kunishikia.

Hawa


Kasongo, tarehe 2 Novemba 2022

Yaya,

Usije kwanza. Maprofesa wa kupita hawajafika bado, mwaka haujafungwa. Hata sisi tumechoka kungojea. Sijakutumia kaye juu hakuna kozi mpya. Wakifika nitakuandikia. Mubusu Blaise.

F.


Lusangi, tarehe 5 Februari 2023

Falone,

Salamu sina. Nimefika nyumbani. Njia ilikuwa matope matupu, pikipiki ya Fabrice ilituangusha mbele ya Wamaza, sikuumia. Naandika mambo yote namna yalivyokuwa, ili kesho usije ukaniambia hayakuwa.

Nilikuja Kasongo bila kukupa habari juu nilichoka kungojea maprofesa wako. Sikukukuta kwenye nyumba munayopanga, nilimukuta Sarah-Grâce anaosha mupunga. Musichana wa heshima, alinipa kiti na maji. Nikamuuliza kama maprofesa wamefika sasa. Akashangaa. Akaniambia walimaliza tangu Agosti, mwaka wa pili muliuanza Oktoba, na wewe njo wa kwanza katika kalasi. Alikuwa anajivunia wewe. Ndipo ukaingia, ukaniona, na kabla ya kunisalimu ukamuambia: "Huyu njo Falone, mudogo wangu."

Mudogo wako! Mimi niliyekubeba mugongoni, ukinikojolea. Na nilinyamaza, juu ningefanya nini? Nikuvue nguo mbele ya mugeni?

Tulipobaki wawili ulilia. Mimi sikulia. Ulisema huwezi kuacha tena, kwamba mwaka wa pili ni mikono, si kaye. Nikakuambia kaye zote ziko kichwani mwangu, uliza unachotaka. Uliuliza, nikajibu yote, mpaka ukakosa la kuuliza. Basi tukapatana: kesho yake nivae bulauzi yako na maski, niingie mahali pako kwenye chumba cha kuzalia. Nikiweza, kiti ni changu. Wewe ukae inje na walinzi wa wagonjwa, wale ndugu wanaokuja kuwauguza.

Falone, ile asubuhi nilikuwa na furaha. Hustahili kuijua lakini nakuambia. Mama Chimène aliniita Hawa. Ilikuwa muda murefu mutu hajaniita Hawa. Alinipa ile pembe ya mbao ya kusikilizia moyo wa mutoto, akaniachia mama mumoja mwenye uchungu, akaenda kwa mwingine.

Nilijua upande wa kuiweka. Nilijua moyo ukiwa muzuri unapiga namna gani, na ukichoka unapiga namna gani. Nikaweka sikio. Nikasikia damu yangu mwenyewe. Nikahamisha, nikasikia tumbo linanguruma. Yule mama akaniuliza kama mutoto wake iko muzuri, na mimi nikamuambia ndiyo, mama, iko muzuri.

Wewe ulikuwa unatazama kwenye dirisha. Uliingia, ukachukua pembe mukononi mwangu, ukainama, na uso wako ukabadilika. Hata hukunitazama.

"Vua."

Nikavua. Mbele ya mama mwenye uchungu nilivua bulauzi na maski nikakupa, nikabaki na kikwembe changu cha kujifunga, nimeegemea ukuta. Mama Chimène aliporudi alikukuta wewe, umevaa, unamuambia mutoto amechoka, apelekwe kwa daktari wa kupasua, mbio. Kisha akaniona mimi. Akasema walinzi wa wagonjwa wabaki inje. Nikatoka inje.

Mutoto alipona. Nilingoja mpaka nikamusikia analia, ndipo nikamutafuta Fabrice.

Sasa usifikiri nimekuachia. Nilishindwa, ndiyo. Lakini ungeniita wakati mwaka wa kwanza ulipoisha, ningejifunza kusikiliza pamoja nanyi, wakati nanyi mulikuwa hamujui bado. Ulinidanganya miezi, nikabaki huku navuta kitambaa kwenye bidon. Kumbe ukimupa mutu shibiri anachukua pima. Kikulacho kiko nguoni mwako, walisema wazee, na mimi nikafikiri walisema juu ya wengine.

Nataka diploma yangu. Nitaenda kuanza mwanzo, Kindu au Kalemie, mahali popote. Nirudishie.

Hawa


Wamaza, tarehe 11 Machi 2023

Kwa binti yangu mukubwa Hawa,

Asalam alaykum. Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, mama yako anakusalimia, muhogo wa upande wa muto umekubali mwaka huu. Tunamuomba Mungu awalinde wewe, bwana yako na mujukuu wangu.

Mudogo wako alikuja hapa na barua yako, akanisomea analia. Nimekaa na wakubwa wa ukoo. Neno letu ni moja. Ile diploma si yako na si ya Falone, ni ya nyumba. Ulisoma kwa mupunga wa nyumba hii, mama yako aliuza kuku wake wote juu yako. Niko na shamba moja na watoto wawili. Nampa yule ambaye jembe lake limeshaingia udongo. Wewe uko na bwana, uko na mutoto. Yeye hana kitu.

Tena hiyo karatasi inakaa kwa wakubwa wa Institut mpaka atakapomaliza. Ukienda kuidai, watauliza nani ni nani. Watamufukuza Falone, na jina lako litaandikwa la mudanganyifu, hutapokelewa popote. Hapo nyumba nzima itakosa. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Nakukataza kwa ubaba wangu. Usinifanye nilie na uzee huu.

Baba yako,
Assani


Lusangi, tarehe 2 Aprili 2023

Baba,

Barua yako nimeipata. Ulitufunza kwamba mukubwa anakula mwisho, nami sikukataa hata siku moja. Lakini mukubwa anayekula mwisho wanamubakishia kitu kwenye sahani.

Sitaenda kudai. Ila usiniombe nimuandikie.

Mutoto wako,
Hawa


Kituo cha afya, Lusangi, tarehe 9 Agosti 2025

Yaya,

Barua zangu zote hukuzijibu. Hii inatoka karibu. Ukipanda kilima cha soko unaona mabati yetu. Leta imenituma huku tangu mwezi uliopita. Mimi peke yangu njo muzalishaji, kuanzia hapa mpaka machimbo yenu. Sikuomba. Nilipoona jina la Lusangi kwenye karatasi, nilirudilia kulisoma mara tatu.

Siku walipotangaza waliomaliza, Baba na Mama walikuja Kasongo. Walinimwagia unga wa puda kichwani, namna wanafanyia waliopasi, mpaka nikapiga chafya, Mama akapiga vigelegele anaita jina lako. Baba alilia. Sijui alikuwa analilia nani kati yetu.

Najua unanichukia. Nilikudanganya juu ya maprofesa, na sina la kujitetea. Lakini nisikilize hata kidogo. Jina ni lako. Mikono ni yangu, yaya, sikuiazima kwa mutu. Nimezalisha juu ya meza ya kalasi, nimezalisha pembeni ya njia, Fabrice ameshika kikwembe kutuficha. Yule Hawa wanayemusifu Kasongo, nilimutengeneza mimi. Na sasa hata nikitaka kurudi kuwa Falone, Falone hana kitu. Hakupasi mutihani wowote, hakusoma popote, hakuna anayemungojea. Wewe ukilala unajua wewe ni nani.

Fabrice aliniambia uko na mimba kubwa. Usizalie kambini, nakuomba kwa ziwa tulilonyonya. Aliyetoka damu mara ya kwanza anaweza kutoka tena. Dawa ya kuifunga ninayo hapa, na ninajua kuitumia. Njoo kwangu.

Kuna jambo moja, na sijui namna ya kuliandika. Watu wa Leta watapita kuhakikisha wafanyakazi, na watapekua majina ya wagonjwa pia. Hapa mimi ni Hawa Assani wa Wamaza. Wakikuta Hawa Assani mwingine, wa Wamaza, mwenye baba yule yule, wataanza kuuliza. Huko kambini wanakuita Mama Blaise, hakuna anayejua zaidi. Ukifika kwenye mulango wakakuuliza jina, tafazali, sema unaitwa Falone.

Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, njoo hivyo hivyo.

Mudogo wako


Lusangi, kambini, tarehe 30 Novemba 2025

Kwa munganga wa kituo cha Lusangi,

Sasa niko na nguvu ya kukaa, ndipo naandika. Mutoto ananyonya vizuri, ana sauti ya kuuza samaki.

Nikuambie ambayo hukuyaona. Barua yako niliisoma, nikaapa nitazalia hapa, hata nife. Uchungu uliponishika Mugisho hakuniuliza, aliita vijana wakanipakia kwenye tipoyi, machela ya miti, wakanibeba mabegani. Njia yote nilikuwa najiambia: nikifika kwenye mulango nitasema Hawa Assani, kwa sauti, wote wasikie, na kitakachopasuka kipasuke. Nilikuwa na hamu nayo kuliko hamu ya kuzaa.

Nikafika. Yule musichana wa kuandika akaniuliza jina. Pembeni yake wanawake walikuwa wamejaa kwenye mbao za kukalia, kila mumoja na tumbo lake. Wengine nawajua, nawapikia mabwana zao. Kulikuwa mumoja aliyetembea kutoka ng'ambo ya muto, miguu imevimba, anatazama mulango wako. Nikafikiri: nikisema jina langu, watakuja kukuchukua, na huyu atazalia wapi?

Nikasema Falone.

Yaliyofuata uliyaona, lakini hukuyaona kutoka chini. Ulisema "Falone, sukuma", nikasukuma. Damu ilipoanza kutoka ulinidunga sindano, ukanikanda tumbo kwa ngumi, ukawa unaita: Falone, Falone, usilale. Nami nilikuwa naitika. Mutu akiogopa kufa anaitika jina lolote.

Umejua kazi. Nilikutazama mikono, na mimi najua cha kutazama. Ningekuchukia vizuri kama ungekuwa mubaya wa kazi. Hata hiyo umeninyima.

Lakini kusamehe, hapana. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na yako inasitiri juu mimi njo ninaishika kwa nyuma. Kila siku nitaishika, mpaka ufike uzee. Ujue hilo kila wakitaja jina langu. Kwenye cheti cha kuzaliwa cha mutoto wangu mama yake ni Falone Assani. Ulichukua kiti, ukachukua jina, na mutoto wangu naye ni wako kwa maandishi. Basi umununulie viatu.

Nimepata na ujumbe wako kwamba unatafuta mwanamuke wa kufagia na kuchemsha vyombo, na nikija utanifunza polepole. Sitakuja. Siwezi kuja kufunzwa kwa huruma kazi ambayo nilipasi mutihani wake mimi. Kaye zako nimempa mama muuza karanga. Zimemusaidia.

Jana jirani yangu Francine alikuja kunisalimia, yule uliyemuokoa mwezi jana, amebeba mutoto wake wa kike. Kambini siku hizi kila anayezalia kwako anamupa mutoto jina la munganga. Akaniwekea wake mapajani, akasema nimubebe Hawa wao. Nikamubeba. Ni mutoto muzito, mwenye afya. Nikamuita, akanitazama.

Kisha Francine akacheka, akasema tumekaa jirani miaka yote hii na hajawahi kuniuliza: Mama Blaise, wewe mwenyewe wazazi wako walikupa jina gani?

Nikamuambia Falone. Akasema ni jina muzuri.

Dada yako